Mgongo wa Mama Vitasa

Sokoni walikuwa wakisema kwamba bei ya kweli haiko mdomoni mwa muuzaji, iko mgongoni mwa Mama Vitasa. Ukitaka kujua kitu kinauzwa kiasi gani hasa, mngoje yule mama ageuke aondoke. Hatua ya kwanza, muuzaji ananyamaza. Ya pili, anakohoa. Ya tatu anaangalia jirani kama kuna anayeona. Ya nne, "Mama! We mama, hebu rudi tuongee!" Hakuwahi kufika hatua ya kumi. Alianza na bawaba kuukuu alizotandaza juu ya gunia kando ya barabara, akapanda hadi meza, kutoka meza hadi kibanda, kutoka kibanda hadi duka la milango miwili alilomiliki pamoja na mdogo wake wa kiume, na kila ngazi aliipanda kwa kuwapa watu mgongo.

Duka liliuza vitasa, bawaba, makomeo na makufuli. Mara moja kila mwaka Mama Vitasa alipanda ndege kwenda nchi ya mbali vilikotengenezwa. Pesa alikuwa nazo kiasi chake, lakini pesa hata mwenye bucha anazo. Safari ilikuwa yake peke yake. Akirudi, mafundi seremala walijaa dukani wakijifanya wanatafuta skrubu, kumbe wanataka kusikia habari za huko. Na yeye aliwapa. Huko watu hawasalimiani kwa mkono. Huko mtu hakuulizi unakwenda wapi. Huko ukichelewa dakika tano umeshasahauliwa. Miaka kumi na moja alisimulia, na hakuna aliyemkatalia hata sentensi moja, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kufika.

Mwaka huo mkalimani wake wa huko alizeeka, akaacha kazi akahamia kwa mwanawe. Mdogo wake akamwita nyuma ya kaunta.

"Dada, safari hii utakwenda na wifi yako."

"Kufanya nini? Kunibebea mkoba?"

"Anaijua lugha yao."

"Nani? Kicheko?"

Kicheko ndilo jina walilompa sokoni mke wa mdogo wake, maana kicheko chake kilitangulia kuingia chumbani kabla yake. Kazi yake dukani ilikuwa kupanga skrubu kwa saizi, na kwa mwaka mmoja na nusu alizipanga akiwa na waya masikioni. Mama Vitasa alidhani ni nyimbo. Aliwahi hata kumkemea, "Wateja wanaita, wewe unacheza dansi la kichwani!" Kumbe yalikuwa masomo. Mwaka mmoja na nusu, mwanamke yule amekaa chini ya pua yake akijifunza lugha ya nchi yake. Ndiyo, nchi yake. Moyoni Mama Vitasa alikuwa ameshaihesabu ile nchi kuwa mali yake, kama mtu anavyohesabu kiti chake cha kukalia.

"Nauli mbili kila mwaka duka halizibebi," mdogo wake akaendelea, kwa sauti ya mtu anayegawa nyama na hataki lawama. "Mwaka huu nendeni wote, hatuna jinsi. Kuanzia mwakani atakwenda mmoja. Yule atakayerudi na mkataba."

Mama Vitasa akatabasamu. Waliomjua walijua kwamba tabasamu lile si la heri.

Mambo yakaanza kuharibika uwanja wa ndege tu, walipofika. Pale kwenye dirisha la pasipoti alikaa ofisa mmoja ambaye Mama Vitasa alimzoea kwa miaka mingi kama mtu anavyozoea ukuta. Hajawahi kumwona jino. Kicheko akamwambia maneno mawili matatu, ukuta ukacheka.

"Kasema nini?" Mama Vitasa akauliza.

"Anasema picha yako imetoka kama ya mtu aliyeibiwa."

"Na wewe ukacheka?"

"Ningelia, wifi?"

Wakafika nyumba ya wageni, ileile ya kila mwaka, chumba kilekile chenye dirisha linalotazama ukuta wa ghala. Mwenye nyumba, mama mnene wa makamo, kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumpa Mama Vitasa zaidi ya kutikisa kichwa na kumkabidhi ufunguo. Siku ile ya kwanza alipanda ngazi mwenyewe, akagonga mlango, akampa Kicheko blanketi la pili.

"Blanketi la nini?" Mama Vitasa akauliza mlango ulipofungwa.

"Baridi, wifi."

"Baridi ilikuwapo tangu mwaka wa kwanza. Umemwambia nini?"

"Nilimuuliza habari za mguu wake."

"Ana mguu gani?"

"Si anachechemea! Hukuona?"

Hakuona. Alijilaza juu ya kitanda chake chenye blanketi moja, roho ikamwasha kama mtu aliyeshika pilipili kisha akajifuta jicho. Ilikuwa kama umemleta mgeni nyumbani kwako, ukakuta mbwa wako anamkimbilia yeye.

Na milango nayo! Katika nchi ile, milango yote hufunguka kwa nje. Anayeingia huvuta, anayetoka husukuma. Kwao ilikuwa kinyume, mlango unausukuma ukaingia nao ndani, ndivyo mafundi wote wanavyoitundika. Miaka kumi na moja Mama Vitasa alikuwa akisukuma milango ya watu isiyosukumika. Paji la uso wake lilikuwa na kinundu kidogo upande wa kulia alichokiita kumbukumbu ya safari. Kicheko alijigonga mara moja tu, siku ya kwanza, kwenye mlango wa duka la mikate. Siku ya pili alikuwa akivuta na kusukuma kama aliyezaliwa pale.

"Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho," Kicheko akamtania alipomkuta anapigana na mlango wa nyumba ya wageni.

"Nikilifumba nitanunulia nini vitasa? Pua?"

Siku ya tatu wakaenda kiwandani. Ofisi ya Mzee wa Kiwanda ilikuwa juu ya karakana, na sakafu yake ilitetema mashine za chini zilipokata chuma. Mzee alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja, tajiri asiyetaka kununua miwani mpya, na kwa jambo hilo Mama Vitasa alimheshimu. Walikaa kwenye vigoda vifupi kuzunguka meza yenye kitambaa cha kijani. Kwanza yakaja ya nyumbani: wazazi, watoto, safari, mvua. Zamani mkalimani alikuwa akiyafupisha mambo hayo: "Anakusalimu, mama." Leo Kicheko aliyazungumza yote, moja baada ya jingine, bila haraka. Mzee akamwonyesha picha ya mjukuu. Kicheko akaweka mkono kifuani. Mzee akafuta miwani. Mama Vitasa alikaa katikati yao akitabasamu mpaka mashavu yakauma, kama mtu aliyealikwa harusi ya watu asiowajua.

Ndipo bei ikatajwa. Kicheko akaitafsiri.

"Mwambie nusu," Mama Vitasa akasema.

"Hivyohivyo?"

"Kwani nimekuleta uipambe?"

Kicheko akamwambia. Mzee akatikisa kichwa polepole, kwa adabu. Naam, hapa sasa ndipo nyumbani kwangu, Mama Vitasa akajiambia. Akafunga mkoba wake, zipu ikalia. Akasimama. Akampa Mzee mgongo, ule mgongo mpana uliojenga duka la milango miwili, akaanza kwenda. Moja. Mbili. Tatu. Akafika mlangoni akauvuta. Haukuja. Akauvuta tena kwa nguvu.

"Sukuma, wifi," sauti ndogo ikasema nyuma yake.

Akasukuma, akatoka, akasimama kwenye korido kando ya mapipa ya mafuta ya mashine. Hatua saba. Akaongeza ya nane, ya tisa, fupifupi, za kuvuta muda. Hakuitwa. Ya kumi. Akageuka kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Mlango ulikuwa umefungwa.

Akaanza kusoma tangazo lililobandikwa ukutani, tangazo ambalo hakujua hata lilianzia upande gani. Wafanyakazi watatu wakapita wakimtazama, wakarudi wakimtazama. Robo saa. Nusu saa. Halafu kutoka ndani akasikia kicheko cha wifi yake, na juu yake, kama kifuniko juu ya sufuria, kicheko cha mzee.

Kicheko alipotoka alikuwa na karatasi mkononi.

"Mbona hukuniita?" Mama Vitasa akamrukia.

"Nikuite vipi? Hapa mtu akisimama katikati ya mazungumzo akaondoka, ndiyo kwisha. Hawamwiti mtu. Kumwita ni kumwambia kwamba hajui alifanyalo."

"Nani kakwambia?"

"Mzee mwenyewe."

"Usinichezee! Miaka kumi na moja nimeondoka mle ndani, na kila mwaka naitwa. Mkalimani alikuwa anatoka kunifuata, 'Mama, rudi, kakubali.' Kila mwaka!"

Kicheko akatazama viatu vyake.

"Wifi, usinikasirikie."

"Sema."

"Mzee kaniuliza kama tumbo lako bado halijapona."

"Tumbo gani?"

"Mkalimani alikuwa anamwambia umekwenda msalani. Kila mwaka. Anakaa naye kidogo, wanapatana bei upesi, halafu ndiyo anatoka kukuita. Mzee anasema alikuwa anakuonea huruma sana. Hata mwaka juzi aliulizia dawa kwa daktari wake."

Mashine za chini zilikata chuma, sakafu ikatetema. Ule mgongo. Ule mgongo walioutungia msemo sokoni. Mwanamume mzima miaka kumi na moja ameutazama ukitoka mlangoni akawaza, maskini, tumbo.

"Na leo umemwambia nimekwenda wapi?"

"Nimesema ukweli. Bei imekushinda ukaondoka."

"Imenishinda!"

"Sikujua, wifi. Ningejua ningesema tumbo."

Kisha akamwonyesha karatasi. Bei iliyoandikwa pale ilikuwa chini ya bei yoyote ambayo Mama Vitasa aliwahi kuileta nyumbani. Hapo ndipo palipouma hasa. Aibu ya tumbo ingepita, aibu ni kama mafua. Lakini tarakimu zile hazikupita.

"Umefanyaje?" akauliza.

"Sijafanya kitu. Nilikaa tu."

Kesho yake walitakiwa kurudi kuona sampuli na kutia saini. Na kwa desturi ya huko, Kicheko akamweleza, kwa kuwa Mama Vitasa alikuwa ameondoka, hakuweza kurudi katika biashara ileile kwa miguu yake mwenyewe. Angeweza kuingia tu akiwa mgeni wa yule aliyebaki amekaa. Mgeni ana kigoda chake karibu na mlango, bei haigusi, na akitoka ametoka na mwenyeji wake.

"Mgeni wako," Mama Vitasa akarudia, akiyatafuna maneno kama mtu aliyekuta jiwe ndani ya wali.

"Ni kwa hapa tu, wifi. Nyumbani wewe ni mkubwa wangu."

"Nyumbani wapi? Mkataba si una jina lako?"

Kicheko, kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika ukoo ule, hakucheka.

Basi kesho yake Mama Vitasa akakaa kwenye kigoda cha karibu na mlango, mkoba magotini, kama mama aliyeletwa shule kusikiliza makosa ya mtoto. Mzee alimwinamia, akauliza jambo kwa upole, akijishika tumbo lake mwenyewe. Mama Vitasa akaitika kwa kichwa. Angefanya nini?

Sampuli zikaletwa. Kilikuwa kitasa cha aina mpya, kizuri, kizito, ufunguo kwa upande wa nje na kitufe cha kuzungusha kwa upande wa ndani, usihangaike kutafuta ufunguo ukiwa kwako. Kicheko akakipima uzito kwa kiganja. Akazungusha ufunguo akisikiliza, jicho moja limefumbwa. Akajaribu kitufe. Alifanya yote kama Mama Vitasa alivyokuwa akifanya, hata kule kufumba jicho, na Mama Vitasa alipoona hata jicho lake limechukuliwa, alikaribia kulia kwa hasira. Halafu Kicheko, kwa heshima, akakipitisha kitasa kwa mgeni wake akishike.

Mama Vitasa akakishika. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye ule ulimi wa chuma unaochomoza ubavuni, ule unaoingia kwenye fremu mlango ukifungwa. Ulimi huo hukatwa mshazari upande mmoja, ili ukiubamiza mlango uteleze, uingie wenyewe. Kwao mteremko ule hutazama upande wa ufunguo, maana mlango unafungwa kwa kwenda nje. Huu ulitazama upande wa kitufe. Akajaribu kuugeuza, haukugeuka, ulikuwa umepigwa ribiti. Vitasa hivi vilitengenezwa kwa milango inayofunguka nje, kama ule uliokuwa nyuma ya kisogo chake. Vikitiwa kwenye mlango wa kwao, ulimi utagonga fremu kama mbuzi, na hakuna mlango utakaojifunga.

Na Kicheko hakuona. Angeonaje? Mkono wake ulishazoea milango ya huku. Siku nne tu, na mlango kichwani mwake ulikuwa tayari unafunguka kwa nje. Ni yeye, Mama Vitasa, mwenye kinundu kwenye paji, ambaye mwili wake ulikataa kusahau mlango wa nyumbani.

Akanyamaza. Utamu ulioje! Kalamu ya Mzee ilikuwa mezani, karatasi zimepangwa. Asingehitaji kufanya lolote ila kukaa, si ndilo fundisho la nchi hii, kukaa? Kontena litafika, mafundi watarudisha vitasa dukani kwa magunia wakitukana, mdogo wake atashika kichwa, na Kicheko atarudi kwenye skrubu zake. Safari itarudi kwa mwenyewe. Aliuona uwanja wa ndege, akajiona peke yake na sanduku lake.

Kisha akafanya hesabu nyingine, kama ilivyo desturi yake kufanya mbili. Bango la dukani halikuandikwa Kicheko. Fundi akirudi na kitasa kibovu hasemi ameuziwa na mke wa mdogo wake nani, anasema, "Mama Vitasa katupiga." Kumkomoa wifi kwa njia hiyo ni kuvunja chungu chako ili jirani akose mboga. Hakumwonea Kicheko huruma hata chembe, na hilo liandikwe hivyohivyo. Aliuonea huruma mzigo wake.

Lakini mgeni hagusi biashara. Akimwambia Kicheko kwa mdomo mbele ya Mzee, Mzee ataona wateja wanabishana mezani, na akimwita nje ndiyo wameondoka wote wawili. Mama Vitasa akainuka na kitasa mkononi, akageukia mlango.

Mzee akaweka kalamu chini. Kicheko akageuka rangi.

"Wifi, usitoke! Ukitoka wewe na mimi nimetoka!"

"Nani katoka? Tulia."

Akausukuma mlango ukafunguka nje, mguu wake mmoja ukabaki ndani umekanyaga sakafu kwa nguvu, ili hata kipofu aone kwamba hajaondoka. Akauweka ule ulimi wa kitasa kwenye ubavu wa mlango, akaurudisha mlango taratibu kwenye fremu, ulimi ukateleza vizuri. Akamtazama Mzee. Mzee akaitika: ndiyo, ndivyo. Mama Vitasa akatikisa kidole. Akajipiga kifuani, akaonyesha mbali, ng'ambo ya dirisha, ng'ambo ya magari na maghala: kwetu. Akatumia mkoba wake kuwa mlango, akausukuma kuelekea ndani ya ofisi. Kisha akauvuta ufungwe, akiwa ameshikilia kitasa ubavuni mwa mkoba, na ulimi ukagonga fremu. Ko! Akaurudia. Ko!

Mzee akakunja uso. Bado. Basi Mama Vitasa akasogea, akainama, akamwonyesha kinundu chake. Akaelekeza kidole mlangoni, kisha kwenye kinundu, kisha mlangoni, akajifanya anasukuma mlango usiosukumika na kujigonga, mara moja, mara mbili, mwaka hadi mwaka.

Mzee akasimama. Akachukua kitasa, akakigeuzageuza, akajipiga paji lake mwenyewe kwa kiganja, kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka na waya wake. Kicheko, ambaye sasa alikuwa ameelewa na mikono iko mdomoni, naye akaangua kicheko. Mama Vitasa alikuwa amemchekesha mzee yule kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, na hata hapo kilichosikika zaidi kilikuwa kicheko cha wifi yake.

Mzee akaita fundi wake, akamfokea kidogo, akaandika kwenye mkataba kwamba ndimi zote zitageuzwa na gharama ni ya kiwanda. Kisha akamgeukia Kicheko, akauliza jambo. Kicheko akajibu maneno marefu, marefu mno, mkono ukionyesha kigoda cha karibu na mlango.

"Anataka nini?"

"Kauliza wewe ni nani kwangu."

"Ukasema?"

"Nimesema wewe ndiye uliyenifundisha vitasa."

"Maneno yote yale kwa jambo hilo tu?"

"Lugha yao ndefu, wifi."

Labda ni kweli, labda si kweli. Alijua kwamba hatajua kamwe, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Saini ikatiwa na yule aliyekaa. Kicheko.

Uwanja wa ndege walikuwa na saa tatu za kungoja. Wakakaa kwenye benchi la chuma, masanduku miguuni.

"Haya," Mama Vitasa akasema. "Tuongee kabla ya kufika kwa mumeo."

"Tuongee."

"Mkataba una jina lako. Ila bila jicho langu ungerudi na kontena la vyuma chakavu."

"Kweli kabisa. Na bila mdomo wangu usingepata bei ile."

"Sijakataa."

"Basi mwaka mmoja mimi, mwaka mmoja wewe."

Miguu ya Mama Vitasa ikataka kusimama yenyewe, kwa mazoea. Akaikataza. Akakaa, akatazama mbele. Kicheko akangoja kidogo. Halafu Kicheko akachukua mkoba wake, akasimama, akampa mgongo, akaanza kwenda.

Moja. Mbili. Mama Vitasa akauma mdomo. Mtoto huyu! Mgongo wenyewe mwembamba, hauna hata miaka mitatu ya soko. Nne. Tano. Akapiga hesabu haraka: akienda yeye mwakani, ataongea na Mzee kwa kinundu? Bei ile haikuwa ya duka, ilikuwa ya Kicheko. Saba. Anayetaka faida haendi mwenyewe mahali ambapo mwenzake anapewa blanketi la bure. Tisa.

"Kicheko! We Kicheko, hebu rudi tuongee!"

Abiria wakageuka. Kicheko akageuka naye, macho yamemtoka.

"Nakwenda kununua maji, wifi. Nikuletee?"

Ikawa zamu ya Mama Vitasa kutazama viatu. Lakini neno likitoka limetoka, na Kicheko aliporudi na chupa mbili wakapatana. Kicheko atasafiri. Sharti la kwanza: Mzee ajenge pale ofisini fremu ndogo yenye mlango unaofunguka kwa ndani, na hakuna kitasa kitakachotiwa saini kabla Mama Vitasa hajakiona kwa simu kikifungwa kwenye mlango huo, naye akasema ndiyo.

"Sawa. La pili?"

"Hadithi za huko ni zangu. Mafundi wakikuuliza, sema ulikuwa kazini, hukuona kitu."

Kicheko alicheka mpaka akamwagikiwa na maji. "Sawa, wifi. Na za tumbo nazo nikuachie?"

"Hizo ukizitoa, nakurudisha kwenye skrubu kwa mikono yangu."

Mwaka uliofuata Kicheko akaenda peke yake. Siku ya sampuli simu ikaita dukani mchana, mafundi wamejaa, na Mama Vitasa akaiegemeza kwenye boksi la bawaba ili kila mtu aone kwamba yeye ndiye anayesubiriwa. Kwenye kioo akaiona ofisi ileile, meza ya kijani, Mzee na miwani mpya. Miwani mpya! Nani kamshauri? Pembeni palikuwa na kile kimlango katika fremu yake. Kabla ya lolote, Kicheko na Mzee wakasemezana kitu, wakacheka wote.

"Mnacheka nini?"

"Si kitu, wifi. Mambo ya huku tu."

Mambo ya huku. Mama Vitasa akavuta kiti, akakaa vizuri, akafunga mikono kifuani.

"Fungua," akaamuru. Mkono wa Mzee ukakisukuma kimlango kikaenda ndani. "Funga." Ukakirudisha. Ulimi ukateleza, ukaingia kwenye fremu kwa mlio mmoja safi, mlio uliowafanya hata mafundi waliokuwa nyuma ya Mama Vitasa wagune kwa kuridhika.

Kitasa kilikuwa kizima, hakina hata doa. Aliliona hilo mara ya kwanza tu.

"Rudieni," akasema.

Wakarudia.

"Sijaona vizuri. Mwambie arudie."

Kule mbali Mzee wa Kiwanda akapandisha mikono ya shati, akakifungua kimlango tena, akakifunga tena, na Kicheko aliyesimama kando yake akatazama saa. Mama Vitasa akaomba maji ya kunywa, akanywa taratibu.

"Bado," akasema.